Nozeli Nne za Ukubwa Mmoja

Ord, Nebraska
9 Machi 1996

Kwa Bwana Alcide Guidry,

Hunijui. Naitwa Rosalie Kucera, nina miaka arobaini na sita, na kazi yangu ni kuchomelea vyuma katika kiwanda cha mitambo ya kumwagilia mashamba. Kwa miaka kumi na moja sasa najenga ndege ya viti viwili ndani ya ghala la baba yangu. Mwili umekwisha, mabawa yamekwisha, magurudumu yapo. Imebaki injini, na hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Nimeitoa kwenye gari la michezo la Kijapani lililopinduka. Ni ile aina isiyo na pistoni, yenye rota mbili za pembe tatu zinazozunguka tumboni mwake. Jarida letu dogo la wajenzi wa ndege lilikutaja. Lilisema umetengeneza injini hizi za magari ya mashindano miaka ishirini na mitano, kwamba kule viwanjani walikuita Sikio, na kwamba uliweza kusimama ng'ambo ya uwanja ukasema nozeli ipi ya gari lipi haimwagi petroli sawasawa. Nimekupigia simu mara tatu. Mara zote mama mmoja mpole ameniambia, "Mwandikie, binti. Atakujibu." Basi naandika.

Gari lilikuja na nozeli nne: mbili ndogo za kuanzia na mbili kubwa za kuongeza nguvu. Nikiziacha hivyo, injini itatulia vizuri ikiwa sailensa, inanguruma tu bila kuongezwa mafuta. Lakini rafiki yangu Duane Petska, rubani anayenyunyizia mashamba dawa, anasema, "Rosie, weka kubwa zote nne. Petroli nyingi haijamuua mtu." Nishike lipi?

Baba anakusalimu. Anasema ukiweza kunishawishi niache kabisa, atakutumia nusu ng'ombe.

Wako,
Rosalie Kucera


Breaux Bridge, Louisiana
20 Machi 1996

Bi Rosalie,

Kwanza, usipige simu. Sipendi simu. Mtu akiandika hufikiri kabla ya kusema.

Pili, mwambie huyo Petska kwamba petroli nyingi imeua watu ninaowajua kwa majina. Nozeli kubwa kupita kiasi haijui kumwaga kidogo. Ni kama kumnywesha mtoto mchanga maji kwa ndoo. Siku unashuka kutua, umerudisha mkono wa mafuta nyuma, injini inapaliwa, plagi zinalowa, inazima. Na wewe uko juu ya miti.

Na ule mpangilio wa gari, mbili ndogo na mbili kubwa? Barabarani ni mzuri. Kompyuta ya injini ikifa unasogea pembeni, unakaa juu ya boneti, unasubiri mtu apite. Kule juu utakaa juu ya nini?

Fanya hesabu hii. Injini yako ikipaa kwa nguvu zote itakunywa lita moja na kidogo kwa dakika. Tafuta nozeli nne za ukubwa mmoja, kila moja ikimwaga karibu nusu lita kwa dakika. Mbili ziendeshwe na kompyuta moja, mbili na nyingine, na kila rota ipate moja kutoka kila upande. Upande mmoja ukifa, wa pili utakupa karibu lita nzima. Hutapaa tena kwa mbwembwe, lakini utarudi nyumbani. Sailensa itakuwa na mikwaruzo kidogo. Vumilia. Sailensa laini ni ya kuwafurahisha waliosimama chini.

Kabla ya kuzifunga, zipange juu ya chupa nne, zimwage dakika moja, upime. Zikipishana zaidi ya kijiko, rudisha ulikozitoa.

Uliongea na Noemi, mke wangu. Anasema una sauti ya mtu anayekula vizuri.

A. Guidry


Ord
2 Mei 1996

Bwana Guidry,

Nimezipata. Nne za ukubwa mmoja, kutoka gari la aina nyingine kabisa, na nimechonga mwenyewe vishikio vyake. Nimezipima kwenye chupa za jamu za marehemu mama. Baba alishika saa, mimi nikashika swichi. Zimepishana kwa matone.

"Kumi na moja miaka," baba akasema, "na sasa tunahesabu matone."

"Miaka kumi na moja, baba, si kumi na moja miaka."

"Nikiwa na miaka themanini na moja nitapanga maneno ninavyotaka."

Duane amenuna kwa sababu hukumsikiliza. Anasema mtu asiyetaka simu ana jambo analoficha, labda anadaiwa kodi na serikali. Mimi nimesema ni mtu wa zamani tu. Lakini nina ombi. Nikiwasha injini mara ya kwanza, niruhusu niweke simu karibu na ekzosi usikilize, hata dakika moja. Hapa kwetu hakuna anayeijua sauti ya hizi rota. Kwa maelfu ya maili mraba kuna trekta tu.

Rosalie


Breaux Bridge
11 Mei 1996

Bi Rosalie,

Kazi nzuri. Matone ni sawa.

Simu, hapana. Simu inakata sauti ya juu na ya chini, inabaki ya katikati, na ya katikati haina habari yoyote. Niandikie unachokiona. Rangi ya plagi ukizitoa. Rangi ya ndani ya ekzosi. Moshi. Hayo yananitosha.

Mwambie Petska kodi yangu nimelipa. Huku mvua imejaza kila shimo na kamba wa matopeni ni wengi mpaka majirani wanatugawia kwa ndoo. Noemi anawapika wote. Nimenenepa.

A. Guidry


Ord
17 Juni 1996

Bwana Guidry!

Imewaka! Jumamosi, saa nne asubuhi, mara ya tatu kugusa swichi. Nimelia kama mjinga mbele ya Duane, naye akajifanya anakagua tairi.

Sailensa ina mikwaruzo kama ulivyosema. Katikati ni tamu. Lakini nikiisukuma mpaka juu kabisa nasikia kitu, au nadhani nasikia. Kama pigo moja linachelewa. Duane anasema, "Ni masikio yako, Rosie. Umechomelea vyuma miaka ishirini na miwili, unasikia vitu vingi." Baba alisimama mlangoni na fimbo yake, akasema, "Ng'ombe anayekohoa hivyo ningemtenga."

Plagi zina rangi ya kahawia, zote sawa, lakini nimezitoa baada ya sailensa, si baada ya nguvu zote. Kwa hiyo sijui.

Hupendi simu, basi nimerekodi. Kanda iko ndani ya bahasha hii, nimekopa kinasa sauti cha kanisa, kizuri. Upande wa kwanza ni sailensa, upande wa pili nimesukuma mpaka mwisho. Masikio yako yamesifiwa na watu wengi. Nitaamini utakachosema. Tarehe sita Julai nataka kuikimbiza kwenye uwanja wetu wa nyasi, bila kuruka, lakini kwa nguvu zote. Sitaigusa bila neno lako.

Rosalie


Breaux Bridge
25 Juni 1996

Bi Rosalie,

Nimesikiliza kanda, pande zote mbili. Injini ni safi. Endelea.

A. Guidry


Ord
10 Julai 1996

Bwana Guidry,

Naandika kwa mkono wa kushoto, utanisamehe herufi.

Jumamosi niliikimbiza. Nilikuwa nimefika nusu ya uwanja, nguvu zote, na ndege ikawa nyepesi kuliko nilivyotarajia, ikainuka yenyewe kama urefu wa mtu. Nilikuwa nikirudisha mkono wa mafuta iliposikika kama mtu amepiga bati kwa nyundo. Nguvu zikapungua nusu papo hapo. Ilianguka kwa pua. Mguu wa mbele umevunjika, propela imechimba ardhi, nami nikaishia ndani ya soya ya jirani. Kifundo cha mkono wa kulia kimevunjika na ubavu mmoja. Duane alinitoa. Baba alitembea uwanja mzima kwa fimbo yake, hakutaka gari, na aliponifikia alisema tu, "Unaona vidole vyangu vingapi?"

Tumeifungua injini. Kile kipande cha chuma kwenye ncha ya rota ya nyuma kimepasuka. Rota hiyo ilikosa petroli ikapata joto mno. Ndani ya nozeli yake moja, kwenye kichujio kile kidogo kama kidole cha mdoli, kulikuwa na vipande vya gundi ya tangi. Tangi nililiziba mwenyewe. Kosa ni langu, wala sikulaumu wewe.

Nina jambo moja tu nataka kujifunza. Wewe ulisikiliza upande wa pili wa kanda. Ile injini ilisikikaje? Nataka siku nyingine niitambue sauti ya hitilafu kama hii.

Rosalie


Breaux Bridge
17 Julai 1996

Bi Rosalie,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa.

Sikusikia chochote. Sijasikia chochote tangu mwaka 1992. Zile injini zilinipa jina, na zilikuwa zikinichukua masikio kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, nami nilijua. Kwanza ndege wa asubuhi. Kisha watoto wa kanisa. Mwisho Noemi. Sasa ananiandikia kwenye daftari la shule, na akikasirika anaandika kwa herufi kubwa.

Jarida lile liliandika habari za zamani. Barua yako ya kwanza ilipofika na jina la Sikio ndani yake, Noemi aliniambia nikueleze ukweli, nikasema nitaeleza barua ijayo. Kwenye barua nilikuwa bado yule mtu. Hakuna aliyekuwa akinipigia kelele usoni wala kunionea huruma. Nikaipenda hali hiyo kupita kiasi.

Kanda ilipofika niliitia kwenye redio, nikaweka kiganja juu ya spika. Ilitetemeka vizuri. Nilitaka iwe imetetemeka vizuri. Noemi alikuwa jikoni, akaja, akasikiliza mpaka mwisho, akaandika kwenye daftari: "Kuna kitu kinakohoa mle." Nikamwambia, "Wewe unajua nini kuhusu injini?" Nikakuandikia mistari ile.

Mkono wako na ubavu wako ni juu yangu. Sijui kuandika samahani inayotosha jambo hili. Nimeandika nne na kuzichana.

Alcide Guidry


Breaux Bridge
20 Agosti 1996

Bi Rosalie,

Hujajibu na huna sababu ya kujibu. Naandika jambo moja tu kwa usalama wako. Ukizipima tena zile nozeli, usizipimie mezani. Zipimie zikiwa kwenye ndege, kwa tangi lake, pampu yake na mabomba yake. Kule ndiko gundi ilikuwa imejificha, na mimi sikukwambia.

A. Guidry


Ord
14 Septemba 1996

Bwana Guidry,

Nilikasirika mpaka nikaogopa hasira yangu mwenyewe. Barua yako ya Julai niliitupa kwenye pipa la vyuma chakavu kiwandani, kisha nikarudi kuitafuta na tochi.

Baba alisikia kikohozi kile. Mkeo alisikia. Mimi nilisikia! Nikajikana kwa sababu ya mistari mitatu ya mtu ambaye sijawahi kumwona. Hilo ndilo linaloniuma kuliko ubavu. Umenidanganya, nami nilikuwa tayari kudanganywa kwa sababu nilitaka kuruka.

Nimeagiza nozeli kubwa. Kubwa kabisa, kama alivyotaka Duane. Sitaki rota yangu ikose petroli tena maishani.

Jana baba aliniuliza, "Yule bwana wa Louisiana, hajui tena kazi yake?"

Nikasema, "Hasikii, baba."

"Sikuuliza hilo. Mimi ng'ombe wangu sikuwa nikiwasikiliza tu. Nilikuwa naweka mkono ubavuni."

Kwa hiyo nakuuliza wewe, na safari hii usinifiche hata chembe: bila masikio, unajua nini?

Rosalie


Breaux Bridge
22 Septemba 1996

Bi Rosalie,

Bila masikio najua haya.

Najua kwamba nozeli kubwa hazingekuokoa. Gundi ile ingeziba kubwa kama ilivyoziba ya nusu lita, na juu ya hayo injini ingepaliwa siku ya kutua. Ukubwa haukuwa kosa. Uchafu ulikuwa kosa, na mimi.

Najua uweke kichujio kikubwa kabla ya pampu, cha kufunguka kwa mkono, na kingine baada yake. Najua kila rota ipate kipimo chake cha joto kwenye ekzosi, mbele ya macho yako, ili rota ikikosa petroli uione kabla ya kuisikia. Kwa miaka yote niliwacheka watu wa vipimo. Nilikuwa na masikio, nikaona wao wamenunua magongo ya kutembelea.

Na najua mtikisiko. Si wa spika ya redio. Wa chuma chenyewe. Sijajaribu tangu niache kazi. Niliona aibu kujaribu na kushindwa mbele ya watu. Ukinikubalia, nitapanda gari langu nije. Ni siku mbili. Nikishindwa, nitakwambia nimeshindwa, na nitarudi.

Alcide Guidry


Ord
29 Septemba 1996

Njoo. Leta koti zito.

R.K.


Breaux Bridge
4 Novemba 1996

Bi Rosalie mpendwa,

Mimi ni Noemi, yule wa simu. Naandika bila yeye kujua, yuko nyuma anachonga kitu.

Mume wangu amerudi kutoka kwenu na haelezi lolote. Namwandikia kwenye daftari, "Ilikuwaje?" anajibu, "Baridi." Lakini anacheka peke yake mezani. Jana amekula ufagio wangu. Namaanisha ameutia meno mpini wa ufagio na kuegemeza upande wa pili kwenye friji, kisha akaniambia friji inakaribia kufa. Binti, nimeishi naye miaka arobaini na mitatu. Mmemfanya nini?

Noemi Guidry


Ord
12 Novemba 1996

Bi Noemi,

Nimecheka barua yako mpaka ubavu umeuma upya. Ngoja nikueleze.

Alifika Alhamisi akiwa amevaa makoti mawili. Injini tulikuwa tumeijenga upya na kuifunga kwenye fremu niliyoichomelea juu ya trela, na trela tumeifunga kwa minyororo kwenye lori la Duane. Duane alikuwa amekuja kumwona mtu aliyemharibia ubavu rafiki yake. Akasema kwa sauti, huku akicheka, kwa kuwa alidhani hasikiwi, "Kwa hiyo huyu ndiye Sikio."

Mumeo akamtazama mdomoni, akasema, "Halisikii, lakini linakuona ukicheka."

Duane alibadilika rangi mpaka shingoni.

Tulizima na kuwasha nusu siku nzima. Mara ya kwanza aliweka viganja, akasimama muda mrefu, akatikisa kichwa. Hakupata kitu. Nikaona uso wake, Bi Noemi, na nikaogopa atapanda gari arudi. Ndipo baba akampa ufagio wa ghalani. Akamwonyesha kwa kidole: meno hapa, mpini pale, kama mafundi wa matrekta wa ujana wake walivyofanya. Mumeo akauma mpini, akaugusisha upande wa pili kwenye injini, akafumba macho. Mabega yake yakashuka. Machozi yakamtoka na hakuyafuta.

Kisha akatugeuzia mgongo, mpini ukipita juu ya bega lake na kugusa injini nyuma yake, naye ameuma kama mbwa aliyebeba mfupa. Akaniashiria nichomoe waya wa nozeli moja, yoyote. Nikachomoa. Akainua vidole: rota ya mbele, upande wa pili. Sawa. Mara nne nilichomoa, mara nne alipata. Mara ya tano Duane alinishika mkono, hatukuchomoa chochote. Mumeo akatema ufagio, akasema, "Acha utoto, Petska."

Baada ya hapo Duane alimfuata kama kivuli siku tatu.

Lile sanduku la nozeli kubwa lilikuwa mezani. Mumeo hakuligusa. Alisema tu, "Zima upande mmoja, injini ikiwa na nguvu zote. Wewe mwenyewe, Bi Rosalie, si mimi." Mkono wangu ulikuwa juu ya swichi, nikawaza habari za soya. Nikazima. Injini ilishuka, ikatikisika, minyororo ikalia, kisha ikashika. Ikaendelea. Nozeli mbili za nusu lita, zikiibeba peke yake. Niliiacha hivyo dakika kumi kwa saa ya baba. Kisha nikalipeleka sanduku la nozeli kubwa garini nilirudishe dukani.

Siku ya kuondoka alisimama kwenye mlango wa gari akaniambia, "Nilipaswa kukwambia Machi." Nikasema, "Ulipaswa." Tukapeana mikono. Baba amempa ufagio.

Rosalie


Ord
19 Mei 1997

Alcide,

Jana nimeruka.

Upepo ulikuwa mdogo, kutoka kusini. Vipimo vyote viwili vya joto vilikuwa vimekaa pamoja kama mapacha. Nilisukuma mkono wa mafuta, na nyasi zikaacha kunigonga chini, basi. Nilisahau kuogopa mpaka nilipofika futi mia tano, ndipo nikaogopa kwa yote niliyokuwa sijaogopa.

Nilipanda mpaka futi elfu tatu juu ya uwanja, nikazunguka mara mbili, nikafanya uliloniagiza. Nilizima upande mmoja. Ilishuka kidogo. Ikatikisika, nikaihisi kwenye makalio, samahani kusema. Ikashika. Nikaruka mzunguko mzima wa uwanja kwa nozeli mbili, kisha nikawasha upande wa pili.

Halafu nikatazama chini. Miaka ishirini na mitatu sasa nachomelea ile mitambo ya kumwagilia. Nimechomelea maelfu ya mabomba yake, ndani ya kofia nyeusi, chini ya paa la bati. Kila mtambo huzunguka shamba kama mkono wa saa. Sikuwa nimewahi kuona kazi yake. Alcide, ni duara. Maduara ya kijani, moja baada ya jingine, kando ya mto, mpaka macho yanapoishia. Nilijua, kila mtu hapa anajua, lakini sikuwa nimeona. Nilisema kwa sauti, peke yangu, "Lile ni langu. Na lile. Na lile pia."

Nilipotua, Duane alikuwa anapunga kofia kama anafukuza nyuki. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake kando ya uwanja, akiwa na sahani ya mikate ya kolachi iliyojazwa plamu, hajagusa hata mmoja. Aliuliza, "Imekohoa?"

Nikasema, "Hapana, baba."

Akala minne.

Rosalie


Breaux Bridge
30 Julai 1997

Rosalie,

Barua yako Noemi ameisoma kwa majirani wote wa mtaa huu. Mimi nimeiweka kwenye kisanduku cha zana, na ukiniuliza kwa nini, sijui.

Sasa sikiliza, na usimwambie Petska mpaka nimalize. Wiki sita zilizopita nilikwenda kwenye uwanja mdogo ulio nje ya mji, ule usio na mnara wa kuongoza ndege. Niliuliza kwa maandishi kama kiziwi wa miaka sitini na minane anaruhusiwa kujifunza. Mwalimu ni mwanamke, anaitwa Eulalie Daigle, mfupi, mkali. Aliandika: "Daktari akikubali. Utakatazwa tu viwanja vinavyotaka redio." Daktari aliandika karatasi yake, akagonga mhuri, akanitazama kama nimetoroka mahali.

Eulalie hukaa kulia kwangu na kunigonga bega. Mara moja, kushoto. Mara mbili, kulia. Akinifinya, nimefanya upumbavu. Bega langu lina alama. Lakini wiki iliyopita hakunigonga hata mara moja kuanzia kupaa mpaka kutua. Nilidhani amelala.

Injini yao ni ya kawaida, ya pistoni, ya kizee. Naihisi kwenye miguu na kwenye uti wa mgongo. Jumanne nilimwandikia kwamba silinda ya tatu ina plagi inayokufa. Akasema haiwezekani, imekaguliwa juzi. Fundi akaitoa. Sasa fundi huyo ananiletea kahawa.

Eulalie anasema mwanzoni mwa Septemba atashuka, afunge mlango, aniache peke yangu. Noemi ameandika kwenye daftari kwa herufi kubwa ukurasa mzima. Kisha chini, kwa herufi ndogo: "Nitakuja kutazama."

Wewe umekwisha kufanya hivyo. Niambie jambo lolote la kweli. Usinipambe.

Alcide


Ord
8 Agosti 1997

Alcide,

Duane nimemwambia. Sikuweza kujizuia. Alikaa chini kwenye ndoo, akacheka, kisha akasema, "Mzee huyo atatushinda sote," na jioni hiyo akaja na ramani za njia yote mpaka Louisiana, zimekunjwa vizuri.

La kweli ni hili. Kiti cha pili kikibaki wazi, ndege huwa nyepesi na hupanda upesi kuliko ulivyozoea. Usipigane nayo. Iache ipande. Na ukitaka kutua ukaona huipendi njia unayoshukia, sukuma nguvu, zunguka tena, hata mara tano. Hakuna anayehesabu. Mimi nilizunguka mara tatu siku ile na sikukuandikia.

Nakuja. Ndege sasa imeruka saa hamsini na mbili na nozeli zote nne zinamwaga sawa. Nimezipimia kwenye tangi lake jana. Nitaondoka hapa tarehe nne Septemba, nilale njiani mara moja, nifike kwenu tarehe tano kabla ya saa sita mchana. Baba anakuja nami. Nilimwambia ni saa nyingi za kukaa, akasema amekaa kwenye trekta tangu kabla sijazaliwa.

Kwa kuwa redio haitatufaa, tupatane ishara. Nikifika nitapita juu ya uwanja, juu ya ndege zote, na kutikisa mabawa mara mbili. Ukiwa chini na njia iko wazi, mwambie Eulalie atandike shuka jeupe kwenye nyasi, upande upepo unakotoka. Ukiwa wewe ndiye uko angani peke yako saa hiyo, shuka lisitandikwe, nawe usinitafute. Mimi nitakuona. Nitakaa juu na mbali, nizunguke polepole, mpaka utue.

Rosalie